Intore si «wapiganaji» tu
Ng'ambo ya Ruzizi, ukitoka Bukavu, nililala katika hoteli moja ya Kamembe, na jioni intore wakatuchezea: nywele ndefu nyeupe za nyuzi, njuga miguuni, mikuki mikononi. Mtangazaji aliwaita «wapiganaji». Jina lenyewe linasema zaidi. Kitenzi cha Kinyarwanda ni gutora, yaani kuchagua. Kiishio -e humtaja aliyetendwa, kama katika Kiswahili chetu mtume ni aliyetumwa na kiumbe ni kilichoumbwa. Intore basi ni waliochaguliwa: vijana waliolelewa katika itorero la mwami, wakajifunza vita, ndiyo, lakini pia ufasaha na mashairi. Neno «wapiganaji» linafuta nusu hiyo, na kwetu wanafunzi wa lugha ndiyo nusu tamu. Mwaka 2024 UNESCO iliiorodhesha ngoma hii kuwa urithi wa binadamu. Itorero nalo halikufa: leo Wanyarwanda huliita hivyo hata kanisa.