Mtoto akirudi shuleni, nani yupo nyumbani?

Wanafunzi wa madarasa ya chini hutoka shuleni mapema, wakati mzazi bado anachuma chai Katumba, anauza ndizi sokoni Kiwira au yuko shambani akichimba viazi. Ndipo linapokuja swali ambalo wazazi wengi wa Tukuyu na vijiji vya Rungwe hulijibu kwa mazoea tu: je, mtoto huyu anaweza kukaa peke yake?

Umri pekee haukupi jibu, lakini ipo mipaka. Mtoto wa chini ya miaka saba asiachwe bila mtu mzima, hata ukienda dukani mara moja. Hajui kupima hatari, na akiogopa moto anaweza kujificha uvunguni badala ya kukimbia. Wa miaka minane hadi kumi anaweza kuzoeshwa muda mfupi wa mchana, jirani akiwa na taarifa. Wataalamu wengi wa afya ya watoto huona kuwa kukaa saa kadhaa kunafaa kuanzia miaka 11 au 12, kama mtoto ni mtulivu na msikivu.

Mzazi, tofautisha mambo mawili. Mtoto wa miaka tisa anayeweza kujipakulia chakula na kukusubiri, hajaweza kulea mdogo wake wa miaka miwili. Mdogo huyo anaweza kuzama kimya kimya kwenye ndoo ya maji huku dada yake akiandika kazi ya shule. Hapo utakuwa umeumiza watoto wawili, kwa sababu mkubwa atabeba lawama isiyo yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humpa mzazi, si mtoto, wajibu wa ulinzi.

Kabla ya kumwacha, kagua nyumba. Kwa baridi ya Rungwe, mtoto huvutwa na moto. Jiko la mkaa likiwashwa ndani milango ikiwa imefungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, nayo huua. Mwachie chakula kilichoiva ili asiwashe jiko. Dawa za shambani na mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa za soda. Funika maji, na mkataze kwenda mtoni.

Kisha mpime kwa maswali. Akigonga mtu asiyemjua atafanya nini? Akiungua atakimbilia kwa nani? Jibu sahihi ni kumwagia jeraha maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala yai, huku akiita mtu mzima. Akinywa mafuta ya taa asitapishwe. Awahishwe kituo cha afya. Mwambie aonyeshe, asikariri. Halafu jifanye umeondoka, ukae kwa jirani nusu saa, uone anafanya nini. Muulize pia kama anaogopa. Mtoto anayeogopa hajawa tayari, hata kama ana miaka 12.

Ikiwa jibu ni bado, usikate tamaa. Wazazi wawili au watatu wa mtaa mmoja wanaweza kupokezana siku za kubaki na watoto. Wengine wana bibi au mama mkubwa karibu. Mchague mtu huyo kwa makini, na mfundishe mtoto kwamba hakuna mtu, hata ndugu, anayeruhusiwa kumshika sehemu za siri na kumwambia anyamaze. Kila jioni muulize siku yake ilikwendaje, na umsikilize mpaka amalize.

Ukiona mtoto wa jirani anaachwa peke yake kila siku, anza kwa kuzungumza na mzazi wake. Huenda amekosa wa kumsaidia. Hali ikiwa ya hatari, mweleze ofisa ustawi wa jamii au piga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto. Mfundishe na mwanao namba hiyo leo.