NENO « POLYTECHNIQUE » LIMETOKA WAPI?

Wanafunzi wenzetu, mukisikia mtu anasema kaka yake anasoma Polytechnique kule Kinshasa ao Lubumbashi, mujue neno hilo limetoka mbali.

Zamani kule Ufaransa, kuwa injenieri wa jeshi ilikuwa kazi ya watoto wa ukoo mkubwa. Gaspard Monge alikuwa mtoto wa mchuuzi tu. Kwenye shule ya jeshi ya Mézières hawakumuweka pamoja na maofisa, walimupa kazi ya kuchora. Siku moja wakamupa hesabu ya kupanga ngome. Akaimaliza upesi sana, mpaka mkubwa wake hakuamini. Njia yake njo géométrie descriptive: kuchora juu ya karatasi kitu chenye urefu, upana na kimo, bila kukosea kipimo. Jeshi liliificha miaka mingi kama siri.

Kisha Mapinduzi ya 1789, nchi ikaingia vitani na mainjenieri wakakosekana. Mwaka 1794 Monge na wenzake wakafungua shule mpya Paris. Mwaka 1795 ikaitwa École Polytechnique. Kuingia ni kwa konkuru, si kwa ukoo. Mwanafunzi anaanza na hesabu, fizike na shimi. Kisha wengi wanaenda kwenye shule zingine kujifunza kazi ya migodi, barabara na vilalo.

Lakini tusijidanganye. Mwanzoni wanafunzi walilipwa mshahara. Napoléon aliifanya shule kuwa ya kiaskari mwaka 1804, halafu wazazi wakadaiwa malipo, na mtoto wa maskini akapata shida kuingia. Wasichana nao waliruhusiwa mwaka 1972 tu! Konkuru inafungua mlango, lakini minerval inaweza kuufunga tena.

Nchi nyingi zilifuata mfano ule wa kuanza na sayansi kabla ya kazi. Kwetu, Université Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, nayo ikapata Polytechnique yake. Karibu zaidi, kuko ULPGL ya Waprotestanti, Goma, iliyoanza mwaka 1985. Hapo pia wanafundisha uinjenieri.

Mvua ikiharibu barabara ya Butembo na Beni, sisi wote tunakwama, tajiri na maskini. Basi wewe wa section scientifique, kijana ao binti, usikimbie hesabu eti ni ya watu wengine. Na ninyi wakubwa wetu, mukiona mtoto mwenye akili anafukuzwa sababu ya minerval, mukumbuke yule mtoto wa mchuuzi.