Mavazi ya enzi: gharama yaangukia cherehani

Tamthilia za kihistoria zina watazamaji wenye macho makali. Mwigizaji akijifunga kanga yenye maneno ya herufi za Kirumi katika kisa cha Unguja ya miaka ya 1870, wapo watakaoguna. Enzi hizo kanga ndiyo kwanza ilikuwa ikitokana na leso zilizoungwa pamoja. Maneno yalikuja baadaye, tena kwa herufi za Kiarabu kwanza. Swali la biashara ni moja: nani anaulipia usahihi huo?

Fundi mmoja wa Dar es Salaam, aliyeomba jina lake lihifadhiwe, anajibu kwamba analipa yeye. Oda humfikia ikiwa picha kwenye simu, muda ni siku chache, na fedha inatosha poliesta tu, kitambaa kilichobuniwa 1941. Pamba nyeupe ya merikani anaipata dukani, lakini kuifanya kaniki kwa kuitia rangi kunataka siku ambazo hapewi. Kofia ya viua ya mkono huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, kwa hiyo anaambiwa anunue ya mashine. Malipo ya awali ni madogo, salio huchelewa, na nguo za kukodisha hurudi zimechanika bila fidia. Mtazamaji akilalamika, lawama humrudia yeye.

Malalamiko hayo yana uzito, kwa sababu katika hadithi za pwani nguo ndiyo inayomtambulisha mtu. Kaniki ilikuwa vazi la watumwa. Baada ya utumwa kupigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake walioachwa huru walijitafutia heshima kwa kanga na buibui. Ukimvisha mjakazi kanga nzuri kabla ya wakati wake, umeifuta safari yake yote. Hata merikani, iliyotoka Marekani, ina tarehe zake: vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikatiza njia yake, na nguo za India na Uingereza zikaziba pengo.

Afisa mmoja wa sekta ya sanaa, naye hakutaka kutajwa, anasema ajira za mavazi zinaongezeka. Ushahidi wake ni wingi wa maombi ya vibali vya filamu. Lakini kibali hakionyeshi fundi alilipwa nini, wala lini, na afisa huyo hakuwa na takwimu ya malipo.

Huenda hali ikatengemaa iwapo mafundi wataungana kuweka ghala la kukodisha, nguo moja ikatumika katika kazi nyingi. Ghala nalo linataka mtaji, na kitambaa nacho ni tatizo: pamba ya Tanzania bado kwa sehemu kubwa inasafirishwa nje kabla ya kufumwa. Kwa sasa fundi wetu anaomba jambo dogo zaidi: nusu ya malipo kabla mkasi haujagusa kitambaa.