Nani Alijenga Piramidi? Nadharia Mbadala na Uzito wa Ushahidi

Katika vipindi vya mijadala, wanafunzi wetu hupenda sana mada ya piramidi za Misri. Hakosekani mmoja wa kudai kwamba zilijengwa na viumbe kutoka sayari nyingine. Darasa hucheka, lakini hoja hiyo inastahili jibu. Katika makala haya tunaeleza nadharia mbadala zinazotajwa zaidi, kisha tunaonyesha namna ya kuzipima.

Dhana kongwe ni ile ya maghala. Katika Enzi za Kati, Wakristo wengi wa Ulaya waliamini kuwa piramidi ni maghala ya nafaka ya Yusufu. Dhana hii haisimami, kwani piramidi ni karibu jiwe tupu. Vyumba vya ndani ni vidogo mno. Mwaka 1968 Erich von Däniken alieneza dai la wageni kutoka anga za juu. Mwaka 1991 mwanajiolojia Robert Schoch alidai kuwa Sfinksi imeliwa na mvua, hivyo ina umri mkubwa kwa maelfu ya miaka kuliko mfalme Khafre. Mwaka 1994 Robert Bauval alisema piramidi tatu za Giza zimepangwa kwa mfano wa nyota tatu za mkanda wa Orion. Mwaka 1998 mhandisi Christopher Dunn aliiita Piramidi Kuu mtambo wa nishati.

Tusizitie zote kapu moja. Schoch alianza na jambo linaloonekana, yaani jinsi mwamba ulivyolika. Hata hivyo, wanajiolojia wengine wamejibu kuwa mwamba ule wa chokaa ni dhaifu, na chumvi pamoja na unyevu huweza kuula. Isitoshe, Giza hapajapatikana masalia ya jamii ya zama hizo yenye uwezo wa kuchonga sanamu kubwa namna ile. Bauval naye ana chembe ya ukweli: Wamisri walizijali nyota. Lakini piramidi zile ni za wafalme watatu, Khufu, Khafre na Menkaure, kila mmoja kwa wakati wake, wala hapana maandishi yanayotaja mpango mmoja.

Ushahidi wa wajenzi wenyewe ni mwingi. Piramidi ya ngazi ya Djoser huko Saqqara ilitangulia. Baadaye Sneferu, baba yake Khufu, alijenga ile iliyopinda huko Dahshur, ambayo mteremko wake ulipunguzwa kazi ikiendelea. Viumbe waliovuka anga wasingekosea hesabu ya mteremko. Binadamu anayejifunza hukosea, akarekebisha. Huko Giza, tangu mwaka 1990, yamefukuliwa makaburi ya wafanyakazi, na baadhi ya mifupa ilivunjika ikaunga vizuri, dalili kwamba walitibiwa. Yamepatikana pia majiko ya kuokea mikate na mifupa ya ng'ombe na mbuzi waliowalisha.

Ushahidi mzito zaidi ni wa maandishi. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kando ya Bahari ya Shamu, watafiti walipata karatasi za mafunjo za enzi ya Khufu. Kati yake imo shajara ya Merer, msimamizi wa watu wapatao 40, aliyeandika siku kwa siku jinsi walivyosafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka machimbo ya Tura hadi Giza.

Hapa ndipo somo la lugha linapoingia. Nyingi ya nadharia hizi huanza na swali: "Watu wa kale wangewezaje?" Swali si ushahidi, na mara nyingine hubeba dharau. Great Zimbabwe ilinyang'anywa wajenzi wake kwa swali hilo hilo, ingawa uchunguzi wa mwaka 1905 na wa 1929 ulionyesha kuwa ni kazi ya Waafrika.

Tunawashauri walimu wawape wanafunzi habari moja ya namna hii. Watenge sentensi za "yasemekana" na "huenda" na zile zinazotaja kitu kilichopatikana, mahali na mwaka. Ndipo mjadala uanze. Merer aliandika kazi yake kwa mkono wake. Ni haki tumsome kabla ya kumpa mwingine sifa zake.