Mwalimu Asiye na Jina

Keti barazani na wazee waliosoma darasa moja, nawe utaona jinsi miaka inavyowatoka usoni kila wanapoitana kwa majina ya utani ya ujana wao. Jumapili moja niliketi na wanne wa namna hiyo jijini Dar es Salaam: wanaume watatu na mama mmoja, wote madaktari wastaafu, walioingia chuo cha utabibu Muhimbili mwaka 1973. Walianza kwa kicheko, lakini baadaye walinyamaza, na kimya kile ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Yafaa kwanza tukumbuke walikotoka. Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa 12 tu. Chuo cha utabibu kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, na mwaka 1968 kikawa kitivo cha Chuo Kikuu. Kijana aliyeingia hapo mwaka 1973, wakati redio ikiwahimiza wananchi kuchimba vyoo na kufukia madimbwi katika kampeni ya Mtu ni Afya, alijua vema kwamba masomo yake yanalipiwa kwa jasho la mkulima wa pamba na kahawa, ambaye huenda hajapata kumwona daktari maishani mwake.

Wazee wetu walikumbuka mengi. Walikumbuka kitabu kimoja kinene cha viungo vya mwili kilichosomwa na watu watatu kwa zamu, wa mwisho akiamshwa saa tisa za usiku. Walikumbuka sanduku la mifupa ya kujifunzia lililokaa mvunguni mwa kitanda. Mmoja alisimulia jinsi mdogo wake alivyowasili usiku kutoka kijijini, akalala, na alfajiri alipopapasa viatu vyake mvunguni akashika fuvu la kichwa. Kijana yule hakungoja hata chai. Alirudi kwao, na baba yao akapata kazi kubwa ya kuwaeleza majirani kwamba mwanawe hakwenda mjini kusomea uchawi.

Wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Kisha yakaja mazungumzo ya chumba cha kupasulia maiti.

Msomaji, daktari hajifunzi mwili wa binadamu kwa picha peke yake. Wanafunzi kadhaa huizunguka meza moja, na kwa miezi mingi huufungua mwili mmoja, mshipa kwa mshipa. Katika nchi nyingi za Afrika, mara nyingi huo huwa mwili wa mtu aliyefariki pasipo ndugu wa kuja kumchukua. Wanne hawa walikuwa meza moja. Walikumbuka harufu ya dawa ya kuhifadhia maiti iliyoganda vidoleni hata ugali ukakataa kushuka. Walikumbuka nyayo za yule mtu, zilizopasuka kama za mtu aliyetembea sana pekupeku, na bega lake moja lenye sugu kama la mchukuzi. Wao walimwita Mjomba.

"Hivi," mama aliuliza, "kuna aliyewahi kuuliza jina lake?"

Hapakuwa na jibu. Hatimaye mzee mmoja akasema, "Dada yetu, tungalijua jina lake, mikono ingalitetemeka."

"Na ingalitetemeka," mama akajibu, "pangekuwa na ubaya gani?"

Ndipo akasimulia jambo ambalo wenzake hawakupata kulisikia. Baada ya kuhitimu alipangwa katika hospitali moja ya mkoa. Alfajiri moja, akiwa amekesha, alimwambia muuguzi kwa sauti, "Namba saba amekwisha." Nyuma yake alikuwa amesimama mwanamke mwenye bakuli la uji. Mwanamke yule hakupiga kelele. Alisema kwa upole, "Daktari, mwanangu ana jina," akalitaja, kisha akaliweka bakuli chini.

"Jina lile sijalisahau mpaka leo," mama alisema. "Lakini la yule aliyenionyesha moyo unapokaa silijui. Naona mambo hayo mawili ni jambo moja. Tulizoea mtu asiye na jina pale mezani, tukaenda na mazoea hayo hadi wodini."

Yule mzee hakukubali yote. Alisema, na haki anayo, kwamba daktari anayelia kila saa hawezi kushona jeraha, na kwamba wagonjwa wao walikuwa wengi kuliko vitanda. Hata hivyo heshima haiongezi hata kitanda kimoja, wala haipunguzi dawa. Nchini Thailand wanafunzi wa utabibu humwita mtu wanayejifunzia mwilini mwake "mwalimu mkuu". Wengi wa walimu hao walijitolea kwa hiari wakiwa hai. Wanafunzi hutoa heshima zao kwake, na masomo yakiisha huhudhuria ibada ya mazishi yake. Nao pia hupasua, na hufuzu kuwa madaktari.

Chuo kile cha 1963 kilipanda daraja mwaka 2007, kikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Nchi ina vyuo vingine vya udaktari pia, na huenda mwanao, au wa jirani yako, anasoma katika kimojawapo. Arudipo likizo, usimwulize alama tu. Mwulize pale mezani wanamwitaje yule anayewafundisha bila kusema. Nawe umpelekapo mgonjwa hospitali, mtaje kwa jina mbele ya daktari na muuguzi, tena na tena, bila ugomvi. Na wewe daktari unayesoma ukurasa huu baada ya zamu ya usiku, kumbuka kwamba uliinuliwa na wengi: mkulima aliyelipa, mwenzako aliyekuachia kitabu saa tisa za usiku, na maskini mmoja aliyekupa mwili wake pasipo kuombwa.

Jua lilipokuchwa wazee walisimama kuagana. Yule aliyebishana na mama alimshika mkono, akasema, "Basi tusimwite tena Mjomba. Tumwite Mwalimu."

Deni lao ni la miaka hamsini. Lisilolipika kwa fedha hulipwa kwa heshima, na heshima huanza kwa kumwita mtu jina lake.