Eti Picha ya Ubongo Inaonyesha Dipresheni? Ngoja Kwanza

Kama uko TikTok sana, hizi picha umeziona. Bongo mbili kando kwa kando: moja laini, imejaa vizuri, ingine imetoboka-toboka kama sufuria ya ocha. Maandishi juu yanasema huyu yuko sawa, huyu ana dipresheni. Hata Justin Bieber, kwa ile series yake ya Seasons iliyotoka YouTube 2020, alianika stori yake ya afya ya akili, na kati ya madaktari walioongea pale alikuwa Daniel Amen wa California. Kliniki za huyu Amen zimekuwa zikipiga hizo picha tangu mwanzo wa miaka ya 90, na mgonjwa anatoa maelfu ya dola.

Sasa msee wa mtaa akiona hivyo anajiuliza: si hata mimi nipigwe moja, niipeleke kejani, mathe aache kusema ni uvivu?

Na enyewe hapo ndio utamu wa hizi picha ulipo. Mguu ukivunjika unafungwa plasta na kila mtu anakuandikia "quick recovery". Dipresheni haina plasta. Ukisema hulali, huskii kula, hata kuoga imekuwa kazi ngumu, mmoja anasema ni simu, shosho anasema umerogwa, buda anasema enzi zao hizo vitu hazikuwa. Picha moja ya rangi ingemaliza hiyo kesi dakika mbili. Noma ni kwamba haiwezi.

Cheki venye inafanya kazi. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wako, lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote mwilini. Sehemu ikichapa kazi, inaongezewa damu. Kwa hii mashine inaitwa SPECT, unadungwa kwa mshipa dawa yenye mnururisho kidogo, teknetiamu. Damu inaibeba hadi kichwani, na ndani ya dakika moja ama mbili inanasa pale imefika na kukaa hapo. Kisha unalala, kamera inakuzunguka ikihesabu miale inayotoka, kompyuta inachora ramani. Nguvu ya hiyo dawa inapungua nusu kila baada ya masaa 6, kwa hivyo kesho yake imebaki kidogo sana.

Kwa hivyo mashimo unayoona si mashimo. Hakuna kitu imetobolewa. Kompyuta imewekewa kiwango: popote damu iko chini ya hapa, usichore. Shusha kiwango, shimo linajaa. Pandisha, na hata wewe uliye fiti utaonekana una ubongo kama chujio la chai.

Halafu kuna ile ya damu yenyewe. Angalia Thika Road usiku kutoka angani. Utaona taa zimejaa Roysambu na zimepungua Allsops. Lakini ukiulizwa kwa nini kuna jam, ni ajali, ni mvua, ama ni matatu zimegoma? Taa hazikuambii. Damu ni hivyo hivyo. Kikombe kimoja cha kahawa kinapunguza damu inayoenda kwa ubongo, ndio maana unaambiwa usiguse kahawa kabla ya kipimo. Usingizi mbaya, sigara, bangi, hata uwoga wa mashine yenyewe, vyote vinaweza kubadilisha ramani.

Wanasayansi wa ukweli hawakatai kuna tofauti. Ukichukua kikundi cha watu wenye dipresheni na kikundi cha watu wasio nayo, wastani wao unaweza kuachana. Lakini wastani si wewe. Wanaume kwa wastani ni warefu kuliko wanawake, sawa. Sasa nikikwambia kuna mtu ana futi tano na inchi sita, utaniambia ni chali ama dem? Ndio hiyo sasa. Chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilipitia ushahidi wote 2012, kikarudia tena 2018, na mara zote mbili jibu likawa moja: picha za ubongo bado hazifai kumwambia mtu mmoja ana ugonjwa gani wa akili.

Na kompyuta inaweza kukudanganya kabisa. 2009 watafiti wa Marekani waliingiza samaki kwa fMRI, ambayo pia inafuata mambo ya damu na oksijeni. Samaki alikuwa amekufa, wa kununuliwa sokoni. Wakamwonyesha picha za watu, wakamuuliza hao watu wanaskia aje. Na manze, mashine ikaonyesha ubongo wake umewaka! Haikuwa miujiza. Ukipima maelfu ya vidoa kwa mpigo bila kurekebisha hesabu, vingine vitawaka tu kwa bahati. Walipewa tuzo ya Ig Nobel 2012, ile ya utafiti wa kuchekesha kwanza halafu unakuwazisha.

Si kusema SPECT ni stori za jaba. Mtu mwenye kifafa akidungwa ile dawa wakati ameshikwa, damu inakimbilia pale kifafa kinaanzia, dawa inanasa hapo, na picha inaweza kupigwa baadaye akiwa ametulia. Daktari wa upasuaji anajua aangalie wapi. Inasaidia pia kwa wazee wanaopoteza kumbukumbu. Na kama ulianguka na nduthi ukagonga kichwa, halafu ukaanza kuskia sauti, CT ama MRI unahitaji kweli, kuangalia kama kuna damu imevuja ama uvimbe. Hapo wanatafuta kitu kingine, si dipresheni.

Amen na watu wake hujitetea kwamba hawaangalii picha pekee, wanakaa na mgonjwa wakamsikiliza stori yote. Naamini. Ila mimi naona hiyo stori ndio inafanya kazi, picha inabeba sifa.

Hapa kwetu, ukienda na dipresheni daktari hatakupeleka kwa kamera. Anaweza kukupima damu kwanza, maana tezi ya shingo ikilala ama damu ikipungua, nayo inakuchokesha na kukuangusha roho. Halafu kuna karatasi moja inaitwa PHQ-9, imejaribiwa hata magharibi mwa Kenya. Ni maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, chakula, nguvu, kujiona bure. Kila swali unapewa alama 0 hadi 3. La tisa linauliza kama umewahi kuwaza ni afadhali ufe ama ujidhuru. Hilo usilifiche. Na kama jibu ni ndiyo na sai ni usiku wa manane, Red Cross wako na laini ya bure, 1199.

Mathe pia anaruhusiwa kuingia kwa daktari na wewe, ukitaka. Maswali yote tisa ataskia ukiyajibu.