Kijana wa Heru Juu na Kompyuta

Tarehe 25 Oktoba, 1961, elimu ya chuo kikuu ilianza Tanganyika ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Chombo cha mwanafunzi siku zile kilikuwa kalamu. Leo kalamu peke yake haitoshi.

Tumtazame kijana wa Heru Juu, katika milima ya Kasulu. Amefaulu kidato cha sita, na wazazi wamefurahi. Lakini kabla hajapanda basi, mtihani mwingine wamngoja: maombi ya chuo na ya mkopo wa Serikali hupelekwa kwa njia ya intaneti. Kwa kuwa hajapata kuigusa kompyuta, hushuka mjini akamlipa mwenye duka amjazie fomu. Neno lake la siri hubaki dukani. Jina likikosewa herufi moja, mkopo huweza kukwama, na maharage ya mwaka mzima hayatoshi kulipa ada.

Akifika chuoni, vitabu na majaribio humngoja katika kompyuta hiyo hiyo. Mwenzake wa mjini humaliza kazi kwa saa moja. Yeye angali akitafuta herufi moja moja. Wako wadhanio kwamba akili yake ni nzito. Si kweli! Akili anayo, chombo ndicho kigeni kwake. Hatari kubwa ni aibu, kwani mwenye aibu hunyamaza, na anyamazaye huachwa nyuma hata akakata tamaa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga.

Wala kujua kubonyeza hakutoshi. Mashine za siku hizi huandika insha nzima kwa dakika moja, na huweza kusema uongo kwa lugha tamu. Anakiliye bila kupima hajasoma.

Umeme wa gridi ya taifa ulifika Kasulu mwaka 2022. Basi twashauri mambo matatu. Halmashauri ziweke vyumba vya kompyuta katika sekondari za kata, pamoja na walimu wazijuao. Vyuo viwafundishe wanafunzi wapya chombo hiki kabla ya kuwapima kwacho. Na vijana walioko vyuoni, warudipo likizo, wawafundishe wadogo zao.

Uvumilivu wa kijana huyu ni mali kubwa, lakini si haki kuufanya badala ya mafunzo. Taifa lililotangaza vita juu ya ujinga halina budi kumpa askari wake silaha.